Mtu wa Kusimama Juu

Jua lilikuwa linazama upande wa pili wa kijiji cha Kanyangi wakati Kalekye, mkewe Mulwa, alipochukua mtungi ashuke mtoni.

"Ngoja binti yako Muthoki akusindikize," alisema Mulwa. "Kesho unaanza dawa. Usijichoshe."

"Dawa, dawa! Wewe nenda ukatafute gari."

Alijibu kwa ukali ili kuificha hofu yake. Hakuwa amemwambia mumewe kwamba hilo gari hatalipanda. Aliwahi kuwaona waliorudi kutoka hospitali hawana nywele, wakitapika hata uji. Afadhali afie kwake.

Mto ulikuwa mkavu. Wakati wa kiangazi, maji ya huko hukaa chini ya mchanga, na kisima huchimbwa kikapita kimo cha mtu. Kuteka ni kazi ya wawili. Mmoja huingia chini na kibuyu; mwenzake husimama juu, akipokea maji na kuziangalia kingo. Mchanga ukianza kumomonyoka, wa juu hupiga kelele.

Katunge hakuwa na mtu wa juu.

Mwaka uliopita, titi la Kalekye lilipoanza kuvimba, mganga mmoja alimwambia amerogwa na mtu wa damu ya mumewe. Kalekye hakuuliza mara mbili. Mbele ya wanawake wote, pale pale mtoni, alimnyooshea kidole Katunge, dada yake Mulwa. "Huyu mchawi, mimi simpokelei maji tena!" Wengine nao wakaogopa, wakakataa. Katunge akawa anaingia kisimani peke yake, hadi siku mchanga ulipomwangukia.

Baadaye hospitali ikautaja ugonjwa kwa jina lake. Saratani.

Kalekye alifika kisimani peke yake, giza likianza kuingia. Aliinama achungulie. Harufu ya mchanga mbichi ikampanda puani, kama ya kaburi lililochimbwa asubuhi.

Kwaru... kwaru...

Kibuyu kilikuwa kinakwangua changarawe huko chini.

"Ni nani?"

"Pokea."

Mkono ulitokeza gizani, ukichuruzika maji. Kwenye kifundo palikuwa na bangili ya shaba.

Walimzika nayo.

Kalekye alitaka kukimbia. Lakini mikono, kwa mazoea ya miaka, ikapokea. Akamimina. Kibuyu kikarudi chini, kikapanda tena.

"Katunge..." alinong'ona. "Umekuja kunichukua?"

Kicheko kikavu kikatoka kisimani. "Nikupeleke wapi na woga huo, wifi? Hata maji unayamwaga."

"Niambie ukweli. Ni wewe uliyeniroga?"

Kwaru... kwaru...

"Hukurogwa na mtu, Kalekye."

Neno hilo lilimtisha kuliko ule mkono. Kama hakurogwa, basi Katunge alikufa bure.

"Nisamehe," alilia.

"Ukijifungia nyumbani ukafa, watasema Katunge amemmaliza. Hata huku niliko nitabaki mchawi. Nenda kwa daktari. Ukirudi, sema mbele yao, pale pale uliponitukania."

"Na nisiporudi?"

Kingo zilianza kumomonyoka, punje kwa punje.

"Basi sema kabla ya kwenda."

Alfajiri, wanawake walimkuta Kalekye ameketi mtoni, nguo zake zimelowa umande. Alisimama, akasema yote, bila kujitetea. Muthoki alikuwa ameinamisha kichwa, kwa kuwa naye alikataa kupokea.

Hatimaye Muthoki akauliza, kwa sauti ndogo, "Mama, haya maji uliyateka wapi?"

Kalekye akageuka. Nyayo zake ziliishia mahali kilipokuwa kile kisima kilichomuua Katunge. Wanaume walikifukia siku ile ile walipomtoa. Mchanga ulikuwa tambarare.

Mtungi ulikuwa umejaa.

Honi ya gari ikalia huko juu. Kalekye akalipanda, Mulwa kando yake.

Hospitalini, nesi alitundika dawa, akatafuta mshipa. Kalekye alifumba macho. Hofu ilikuwa pale pale, haikupungua hata kidogo.

"Mzee," nesi alimuuliza Mulwa, "ni nani amemwaga mchanga mbichi hapa chini ya kitanda?"

Mulwa alitazama sakafuni.

Lakini Kalekye alikuwa ameisikia harufu ile kabla yao. Karibu na sikio lake, upande usiokuwa na mtu, sauti ikanong'ona:

"Pokea."

Akanyoosha mkono.