Mkono Ulioshika Kigingi

Mwenye kukata ndiye mwenye kushika. Kanuni hiyo ilijulikana na kila mwanafunzi aliyeingia katika karakana ya shule. Mti ulibanwa kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania mbao, au ulishikwa na mkataji mwenyewe, vidole vyake vikiwa mbali na njia ya makali. Mkono wa mtu wa pili haukuruhusiwa kukikaribia kigogo cha kuchongea.

Juma lile darasa la sita walikuwa wakichonga vigingi vya kufungia kamba za mahema, kwa kuwa walikaribia kwenda kupiga kambi mlimani. Kigingi kilitakiwa kiwe na ncha upande mmoja, na upande wa pili mkato wa kunasia kamba. Asiyemaliza vyake angebaki nyumbani.

Msichana mmoja, aliyepewa jina la Umeme kwa wepesi wake, alikuwa hodari wa kuanza na mzito wa kumaliza. Wenzake walipokuwa wakichonga, yeye alipiga soga. Siku ya mwisho akakuta msururu mrefu mbele ya jiliwa.

"Nitafikiwa nikiwa na mvi!" akalalamika.

"Kulikoni, Umeme?" mvulana mmoja akamkejeli. "Leo umekatika?"

Wote wakaangua kicheko. Umeme, uso ukimwaka, akamvuta kando binti wa mama yake mdogo, aliyeishi naye nyumba moja, ambaye walimwita Kimya.

"Ndugu yangu, nishikie kidogo tu. Nikishika mwenyewe nitachelewa."

"Mwalimu amekataza."

"Mwalimu yuko stoo. Au unataka niachwe nyumbani na kuku?"

Kimya akapiga goti, akakishika kigingi juu ya kigogo. Umeme akainua kishoka. Mapigo ya kwanza yalikwenda sawa. Kisha kishoka kikagonga fundo la mti, kikaruka pembeni. Kimya hakulia. Alikitazama kidole chake kana kwamba ni cha mtu mwingine, mpaka damu ilipotiririka.

Mwalimu wa ufundi akaja mbio, akakifunga kidole kwa kitambaa safi na kuuinua mkono juu. "Kishoka kilikuwa kwa nani?"

"Kwake, Mwalimu," Umeme akajibu kabla hajafikiri. "Alikuwa akicheza nacho."

Kimya akamtazama. Akapelekwa zahanati kushonwa, na jina lake likafutwa katika safari.

Jioni, mama yake Kimya alimkemea mbele ya watu wote wa nyumbani. "Kucheza na kishoka! Umenivua nguo mtoto wewe!" Kimya akainama, akaanza kutoa nguo zake katika mfuko wa safari kwa mkono mmoja. Umeme akasogea ili amsaidie.

"Usiguse," Kimya akasema. "Nilidhani utasema mwenyewe."

Wakati wa chakula Umeme akaisukuma sahani yake. Akasimama palepale, akamweleza mama mdogo kila kitu, na asubuhi akamweleza mwalimu.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. "Muuguzi anasema kidole kile hakitakunjika tena vizuri," akasema. "Mwenzako naye alikosa kwa kukushikia, lakini amekwisha kulipa. Wewe bado. Yeye atakwenda kambini, nawe utabaki."

Siku ya safari, Kimya alikaa dirishani, mkono wake ukiwa na bendeji. Umeme alimpungia. Kimya alimwona, akageukia upande wa pili. Gari likaondoka.

Umeme akaingia karakana peke yake, akafagia, kisha akapiga magoti kusugua damu iliyokaukia kwenye kigogo. Akasugua kwa maji na mchanga hata viganja vikamchubuka.

Mwalimu wa ufundi, aliyebaki kumsimamia, akakikagua kigogo, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Mwanangu, haraka yako ilikata kidole, na hilo ningeliita ajali ya mtoto mpumbavu. Uongo wako ndio uliokata undugu, na huo hakuna zahanati inayoushona. Nenda nyumbani. Adhabu yako umeimaliza."

Umeme akanawa mikono, akaenda.