Mgeni Yule Mpole na Vibuyu vya Mama Skola

Nina miaka ishirini na tisa. Shule niliiacha kidato cha pili, si kwa ujauzito wala kwa kukosa ada kama wengi mnavyodhani... Nilitaka tu kujua barabara iliyopita mbele ya shule yetu inaishia wapi. Nikaifuata. Nimeuza mitumba Tunduma, nimepikia wachimbaji Mpanda, nimelea watoto wa watu, nimekatisha tiketi za basi. Kila nilipofika niliuliza maswali mpaka watu wakanichoka, halafu nikaondoka.

Sumbawanga nilikuja kupita. Nikakaa, kwa sababu ya mwanamke mmoja.

Namwita Mama Skola, kama walivyomwita wote pale mtaani Malangali. Ni mjane wa makamo ya bibi, Mkatoliki wa kwenda misa kila Jumapili, mkulima wa mahindi na ulezi. Hajui kusoma. Binti yake, Skola, kaolewa Namanyere, na ndiye aliyemshauri apangishe nyumba ya mbele kwa wageni wa siku chache. Skola akapiga picha, akaiweka mtandaoni. Mimi nilichukuliwa kufagia, kutandika vitanda na kupokea simu. Mimi na Mama tulilala nyumba ya uani, karibu na jiko.

Wageni walikuja. Waliokwenda kuona maporomoko ya Kalambo, waliokuja harusini, waliokuja kutafuta mashamba. Mama aliwaambia wote maneno yale yale: "Nyumba ya mbele ni yenu kama kwenu. Huku nyuma mpige hodi tu, tutaitika." Hakuweka kufuli nyuma. Alisema mlango wa kufunga kwa kufuli unamtukana mgeni.

Nyuma ya jiko kulikuwa na chumba kidogo kisicho na dirisha. Siku zangu za kwanza nilikitazama sana kile chumba... Mnanijua sasa, sikuweza kuvumilia. Nikamuuliza Mama kuna nini mle. Akacheka, akanishika mkono, akaniingiza.

Vibuyu. Vimepangwa ukutani kuanzia chini mpaka juu, vyeusi kwa moshi wa jikoni, midomo imezibwa kwa majivu na samadi. Na kila kibuyu kimefungwa shingoni kipande cha nguo. Upindo wa kanga, mfuko wa shati, kipande cha kitenge. Nilisisimka mwili, sitawaficha.

"Ni mbegu, mwanangu," akaniambia. "Za wanawake wa hapa."

Akanieleza taratibu, akinitaka niape kwamba sitasema. Mbegu ya ulezi ikibaki nyumbani, mwanaume huiuza au huipeleka ikapikwe pombe, na mvua zikija mke hana cha kupanda. Basi tangu enzi za mama yake, wanawake wa pale huleta mbegu zao kwa mwanamke mmoja anayeaminika, na moshi wa jiko lake huzilinda na wadudu. Waume hawaambiwi. Na kwa kuwa mtunzaji hajui kusoma, kila mwenye kibuyu hufunga kipande cha nguo yake mwenyewe. Akija kuchukua, Mama anatazama kitambaa na anajua ni cha nani.

Hivyo tu. Hakuna kingine mle ndani.

Denis alifika mwezi wa tisa, wakati watu wanachoma majani mashambani na hewa yote ya nyanda za Ufipa imekuwa ya kijivu. Kijana wa Dar, msafi, sauti ya chini. Alikodi nyumba kwa wiki nzima. Wasomaji wangu, sijawahi kuona mgeni mwenye adabu kama yule... Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alimwamkia Mama shikamoo akiwa ameinama. Alikunja mablanketi, aliosha vikombe vyake na vyetu, alichota maji. Alipotaka kuwasha redio aliuliza kwanza kama haitatusumbua. Majirani aliwajua kwa majina. Hata Baba Fide, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mtu mzito wa maneno tangu afiwe na mkewe, alisimama uani akacheka naye.

"Huyu ndiye wa kumchukua, Hawa," Mama alinitania. "Anaosha na vyombo. Wewe utapumzika lini tena?"

Nami moyo wangu ulikuwa umeshakwenda, nitasemaje? Jioni tulikaa kibarazani nikimsimulia miji niliyopita. Aliniuliza maswali mengi. Nilifurahi. Nilidhani nimempata mtu wa aina yangu, mtu asiyetulia mpaka ajue.

Jumapili Mama alikwenda misani, mimi nikaenda sokoni Mazwi kutafuta samaki. Nilirudi mapema. Nikamkuta Denis anatoka kwenye kile chumba, simu mkononi.

Akatabasamu. Akasema alikuwa anatafuta kiberiti.

Kiberiti kilikuwa jikoni, juu ya figa, mahali ambapo kipofu angekigusa. Niliona. Lakini yule mtu mstaarabu namna ile, nitamwuliza nini? Nikampa kiberiti. Akanishukuru...

Aliondoka na basi la asubuhi. Mama alimfungashia unga wa ulezi. Nyumba aliiacha safi kuliko alivyoikuta.

Siku chache baadaye muuza duka wa Mazwi, niliyekuwa nikinunua kwake sukari, alinisogezea simu yake. Nikaona ua wetu. Nikaona mlango wa jiko. Nikaona vibuyu, kimoja kimoja, kamera ikisogea polepole kwenye vile vitambaa, na muziki wa kutisha chini yake. Juu Denis ameandika: "Nimelala nyumba hii Sumbawanga. Nguo hizi ni za nani? Wako wapi wenyewe?"

Nyote mnajua mji wetu ulivyopakwa sifa mbaya ya uchawi nchi nzima. Mtu akitamka tu Sumbawanga, wenzake wanacheka na kusogea pembeni. Sasa walikuwa na picha.

Nilimpigia Denis. Alipokea, mpole vilevile.

"Dada Hawa, mimi sijasema mama ni mchawi. Nimeuliza tu."

"Ungemuuliza mwenyewe!"

Akasema ataifuta hiyo video. Na kweli aliifuta... lakini ilikuwa imeshachukuliwa na watu, ikaongezwa sauti nyingine, ikapewa majina mengine, ikarudi Malangali kwenye simu za vijana kama kitu kipya kila siku.

Mambo yakaanza kidogo kidogo. Vijana wa bodaboda walipomwona Mama wakawa wanapigiana kelele: "Bibi, suruali yangu ya zamani ipo, nikuletee na mimi unitunze?" Wenzao wakacheka. Kisha vicheko vikaisha, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Wakawa wanazima pikipiki na kumtazama mpaka apite. Benchi alilokalia kanisani likabaki na yeye peke yake. Watoto waliokuja kuchota maji kwetu wakaitwa na mama zao wasije.

Mvua zikachelewa. Radi kavu ikaua ndama wa mtu mtaa wa juu. Mtoto mmoja akaugua degedege. Kila jambo lililotokea likatafutiwa njia ya kufika uani kwetu.

Nilimsihi Mama twende kwa Skola. Akakataa. "Nikikimbia, nitakuwa nimekiri. Na mbegu za watu nitamwachia nani?"

Nikamwambia basi awaite wanawake wachukue vibuyu vyao, waseme ukweli, yaishe. Akasema wengine wao waume zao wana mikono mizito. Siri ni yao, walimpa aitunze tu; si yake kuitoa.

Mnaelewa alichokuwa amebeba mwanamke yule? Neno moja tu lingemtoa. Hakulisema.

Baba Fide alikuja mchana, jua likiwaka. Nyuma yake vijana, nyuma ya vijana waume wa mtaa, na nyuma kabisa, kwenye uzio, wanawake. Alikuwa na simu mkononi. Ameisimamisha ile video kwenye kibuyu kimoja chenye kitambaa cha kitenge cha manjano chenye ndege. Nilikijua. Kilikuwa cha marehemu mkewe, Regina, aliyefariki masika iliyopita. Alikileta mwenyewe, akiwa tayari anaumwa, akisema akipona atapanda.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mama Skola," akasema, "mke wangu umemweka wapi?"

"Mkeo tulimzika wote, Baba Fide. Wewe na mimi tulikuwepo."

"Na nguo yake inafanya nini kwako?"

Mama akainua macho, akawatazama wanawake kule kwenye uzio. Nami nikawatazama. Karibu wote niliwajua kwa vitambaa vyao. Mama Tuzo, aliyekuwa akija kwetu kila jioni kuomba moto na kusimulia, alikuwa amesimama mbele ya wenzake. Kibuyu chake kilikuwa cha pili kutoka mlangoni, chenye upindo wa kanga ya kijani. Kanga yenyewe alikuwa amejifunga siku ile ile.

Nikafungua mdomo. Mama akanibana mkono mpaka nikahisi kucha. "Nyamaza, Hawa."

Sikunyamaza. Nilivunja kiapo changu. Nikamwambia Baba Fide kwamba ni mbegu, ulezi tu, kwamba Regina alizileta mwenyewe ili zisiuzwe, na kwamba waulizwe wanawake wale pale, wote wanajua.

Ua mzima ukageuka. Baba Fide akawauliza, kwa upole kabisa: "Ni kweli?"

Nilisikia kuku akiparua majani nyuma ya nyumba... Mume wa Mama Tuzo alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, akimtazama mkewe.

"Mimi habari hizo sizijui," Mama Tuzo akasema. "Huyu msichana ni wa kuja. Hata kwao hatupajui."

Hakuna mwingine aliyesema.

Jiwe la kwanza sikuona limetoka kwa nani. Lilimpata Mama juu ya jicho, akakaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka. Nikamlalia. Nilisikia miguu ikitupita, mlango ukivunjwa, vibuyu vikipasuliwa ukutani. Madirisha ya nyumba ya wageni yakafuata. Mtu akasema "choma", na paa la nyasi la jiko likashika kama lilikuwa linasubiri.

Ulezi ulimwagika uani mpaka karibu na miguu yangu. Baba Fide alichutama, akachota konzi moja, akaipepeta kiganjani. Akaokota na kile kitambaa cha manjano. Nadhani alijua. Naapa niliona usoni kwake kwamba alijua. Lakini moto ulikuwa umeshaingia kwenye boriti za nyumba ya uani, na watu wakishaanza kazi ile hawasikii mtu. Yeye naye hakujaribu kuwaambia.

Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyetuokoa. Alifika na polisi, wakampakia Mama kwenye gari huku vijana wakilipiga mateke ubavuni. Kutoka hospitali alipelekwa moja kwa moja Namanyere. Jicho lile halioni tena.

Nimemchukia Denis kwa chuki ambayo ilinila mwenyewe. Alituma ujumbe mrefu wa kuomba radhi, wenye adabu zote. Nimemchukia Mama Tuzo pia, ingawa siku nyingine najiuliza ningekuwa mimi na mume yule pembeni yangu ningesema nini... Na kuna siku najichukia mwenyewe, kwa kile kiberiti nilichompa huku nikijua.

Ndugu zangu mnaosafiri, mnaolala kwenye nyumba za watu kwa kuziona kwenye simu, nawaomba. Msidhani ustaarabu wa mgeni unaishia kwenye kukunja shuka na kuacha sinki safi. Mmelipia kitanda, paa na maji ya kuoga. Maisha ya mwenye nyumba hamkuyalipia. Mkiona mlango uliorudishwa, acheni ulivyo. Mkiona jambo msilolielewa, muulizeni mwenyewe, na akikataa kujibu, ondokeni bila jibu. Mimi ni mdadisi kuliko wengi wenu, na ninajua inavyowasha. Lakini mimi nilimuuliza Mama Skola, akanishika mkono akanionyesha. Kijana yule angeuliza, angeshikwa mkono vilevile.

Na nyie mnaowapokea wageni, msione haya kumuuliza mtu mpole alichokuwa akifanya. Upole wake usiwafunge mdomo kama ulivyonifunga mimi.

Siku hizi ninauza vitumbua stendi ya Namanyere. Sijaondoka, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Jioni napita kwa Skola kumwona Mama. Wamempa chumba kizuri, mkwewe anamheshimu, wajukuu wanamshika mkono kwenda kanisani. Lakini juzi nilimkuta amesimama mlangoni kwa jiko la binti yake wa kumzaa, kikombe mkononi, hathubutu kuingia.

"Hodi wenyewe," alikuwa akisema. "Naomba maji kidogo ya kunywa, kama sitawasumbua."