Kigelegele cha Zamda

Mwale wa nuru, mwembamba kuliko uzi wa buibui, ulishuka juu ya santuri, na ukumbi wa harusi ukafunguka hewani. Hakuna sindano iliyogusa kitu. Fidla zilisikika upande wa dirisha, ganuni mlangoni, na katikati ya duka walijaa wanawake wa Tanga walioimba zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Bi Khole alishika mikono ya kiti. Harusi ile ilikuwa yake.

"Inaitwa Tausi," alisema Mhandisi Shekue, mwenye duka. "Gramafoni za bibi zetu zilipika kila sauti kwenye uji mmoja. Hii ina akili unde inayomtenga kila mtu na mwenzake. Iambieni mnamtafuta nani."

Sauda, mtoto wa dada yake Bi Khole, alisogea karibu. Dhoruba ya Jua ilipounguza maghala ya kumbukumbu ya dunia nzima, picha na sauti za watu zilifutika kwa asubuhi moja. Zilisalia zile tu zilizochorwa kwenye plastiki, na ndiyo maana santuri zilirudi kwa kishindo. Sauda alifiwa na mama yake kabla hajajua kutembea. Urithi wake ulikuwa santuri hiyo moja, iliyorekodiwa papo hapo ukumbini na kugawiwa wageni. Marehemu Zamda alikuwamo ndani ya kelele zile, lakini gramafoni kuukuu ya nyumbani haikuweza kumtoa. Leo Sauda alikuja kununua itakayoweza.

"Nitafutie kigelegele cha mama yangu," aliiambia Tausi. "Nadhani koo lake lilifanana na langu." Akapiga kimoja, cha mfano.

Taa za Tausi zikazunguka. Kisha kigelegele kikapaa juu ya waimbaji wote, kirefu, laini, kitamu cha kumtoa nyoka pangoni. Sauda akajifunika uso kwa mtandio, akalia.

"Mama mdogo, umemsikia?"

Bi Khole aligeuka kuitazama Tausi. Dada yake hakuwahi kuweza kupiga kigelegele maishani mwake. Ulimi wake ulikuwa mzito. Kila alipojaribu ilitoka sauti ya birika linalochemka, na wenzake wakaanguka kwa vicheko. Sauda hakuwahi kuambiwa, kwa kuwa hakuwahi kuuliza. Nani anauliza kama mama yake alijua kupiga vigelegele?

Mtoto akililia wembe, mpe. Bi Khole alimtazama alivyokuwa akilia, na roho haikumpa kumnyang'anya. Alikwisha kufungua mdomo aseme amemsikia. Ndipo alipowaza kwamba kila jioni binti huyu atamwita mama mtu asiyekuwapo, na Zamda, aliyemlea yeye Khole tangu walipobaki yatima, ataachwa nje ya mlango.

"Mwanangu," alimwambia Shekue, "hii gramafoni yako husema kweli?"

Shekue alikuna kidevu. "Mama, sikufichi. Hujaza palipopungua. Mteja akiomba sauti isiyokuwamo, huitunga. Nimeziuza nyingi, na hajarudi hata mmoja kulalamika."

"Na ile pale?"

Alionyesha gramafoni nyeusi, nzito, iliyokaa peke yake pembeni.

"Ile haina akili yoyote. Sindano ya almasi, sahani ya jiwe isiyotikisika, basi. Husoma mfereji wa santuri kama ulivyo. Itadumu kuliko sisi sote, lakini haimbembelezi mtu."

"Tuwekee hiyo."

"Ya nini?" Sauda aliuliza. "Si nimeshampata?"

Bi Khole akamshika mkono. "Yule si mama yako, mwanangu. Zamda hakujua kupiga kigelegele. Nisamehe. Ningenyamaza, ila nampenda mno dada yangu."

Sauda aliuchomoa mkono wake. "Kwa hiyo hayumo."

"Yumo. Alikuwa akigonga sinia kwa kijiko. Hivyo ndivyo vigelegele vyake."

Shekue akaishusha sindano. Safari hii hakuna aliyesimama hewani. Waimbaji walibaki kundi, mbali kidogo, ila kila sauti ilikuwa safi. Nyuma ya ngoma ukasikika mlio wa bati: ti, ti-ti, ukichelewa.

"Mlio huu, Tausi huufuta," alisema Shekue, akitega sikio. "Huuona takataka, maana haufuati mdundo."

Sauda aliinamia spika. Kijiko kilibaki nyuma, kikakimbia kuwafikia wenzake, kikawapita. Kicheko kikamtoka na machozi hayajakauka.

"Hakujua kufuatisha hata kidogo!"

"Hata kidogo," alisema Bi Khole. "Waimbaji walimkata jicho usiku kucha."

Kwenye ubeti wa tatu kijiko kikanyamaza. Wimbo uliendelea bila yake.

"Mbona kaacha?"

Mwanzoni Bi Khole hakujua. Kisha likamjia joto la shela usoni, na woga wa kuondoka nyumbani, na kiganja chenye harufu ya samli kikimpangusa wanja uliochuruzika.

"Kaja kwangu," alisema. "Nilikuwa nalia jukwaani. Kaweka sinia chini, kaja kunifuta machozi."

Shekue alinyoosha mkono kuinua sindano. Sauda akamzuia. Wakatega sikio wote watatu, wakimngoja Zamda arudi kwenye sinia.