Mfalme wa Mwisho wa Luhanda

"Rudia hapo kwenye ndama," Mzee Machibya alisema.

Nyanzala akasogeza simu karibu na macho. "'Jioni ile Mfalme wa mwisho wa Luhanda aliingia zizini. Ndama walikuwa wameshinda malishoni na mama zao. Mfalme akachuchumaa, akakamua ndoo ikajaa mpaka povu likamwagika.'"

Mzee akacheka hadi kofia ikadondoka.

"Ndama ashinde ananyonya, halafu wewe jioni ukamue ndoo? Hayo maziwa yametoka mbinguni?"

Hiyo ilikuwa Alhamisi, kijijini Kakese. Kila jioni ng'ombe wakisharudi, Nyanzala anamsomea baba yake simulizi ya Facebook, maana macho ya mzee siku hizi yanaona ng'ombe tu, herufi hapana. Mwandishi anajiita Kalamu Baridi. Luhanda yake haipo kwenye ramani yoyote: mito inapanda mlima, ng'ombe wana pembe za fedha, na mfalme amebaki peke yake katika ukoo wake. Asipopata mke, ufalme umeisha. Anampenda binti wa mfugaji mmoja, na mfugaji hataki.

Kalamu Baridi ni Telesphor, mrina asali wa Ugalla. Mwaka jana alikuja kumposa Nyanzala, mzee akamrudisha kwa upole, akamwambia hajui ng'ombe, na nyuki kiangazi wanahama, sasa binti ataolewa na mzinga mtupu? Na Jumamosi hii wazee wa kina Yotham, mposaji mwingine, walikuwa wanakuja kutoka Mwamkulu kuzungumzia ng'ombe wa mahari. Yotham hana ubaya. Tatizo lake ukimsalimia anakujibu habari za trekta.

Nyanzala akaingia jikoni, akaandika meseji: "Baba kakucheka. Ndama hashindi na mama yake, anafungiwa."

Jibu likaja: "Mimi ng'ombe nitawajulia wapi? Jumamosi natoa sehemu ya mwisho. Mfalme anakufa."

"Usimuue, Teles."

"Aishi na nani?"

Nyanzala aliitazama meseji ile mpaka ugali ukashika chini.

Ijumaa, baada ya chai, mzee akamwita.

"Mpigie huyo mwandishi."

"Namba yake sina, baba."

"Unayo. Akipiga unasema ni Mama Bernadetha wa Mchele. Kila siku anapiga, na mchele wake hapa sijawahi kuutia mdomoni."

Nyanzala akakaa chini pale pale kwenye majani wanapotagia kuku.

"Umejua lini?"

"Kwenye mizinga. Mfalme alipopanda mti na moshi wake, akaacha masega mengine nyuki wale, nikasema huyu anajua. Kufika kwa ng'ombe, mtoto mdogo. Nikajiuliza, mtu hajui ng'ombe, mbona miezi mitano anaandika ng'ombe tu? Anamwandikia nani?" Akavuta kigoda. "Weka sauti kubwa."

Simu ikaita mara moja tu.

"Nyanzala mpenzi..."

"Ni baba yake."

Ng'ombe mmoja akakohoa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unataka kumuua mfalme?"

"Ndiyo, mzee."

"Anaumwa nini?"

"Hana mke."

"Sawa. Na yule baba wa binti, umempa tumbo kubwa na roho ndogo. Mimi tumbo langu liko hivyo?"

"Tumbo niliongeza, mzee. Samahani."

"Na roho?"

"Roho nilikuwa na hasira."

Mzee akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa bei ya haki.

"Mwaka jana nilikukataa kwa sababu hujui ng'ombe. Bado hujui. Kesho uwe hapa kabla ng'ombe hawajatoka zizini, nikuoneshe ndama anafungiwaje."

"Kesho si wanakuja wazee wa Mwamkulu?" Telesphor akauliza.

"Nimeshampigia baba yake Yotham, nimemwambia binti ana mtu wake. Kanuna. Nitampelekea mbuzi, atanuna tena kidogo, itaisha. Wewe wazee wako waje Jumapili baada ya misa."

Nyanzala akadakia. "Baba, mbona mimi hujaniuliza?"

"Nikuulize nini? Miezi mitano unanisomea. Ya mfugaji unayakimbiza kama unafukuzwa na nyuki. Ya mfalme unasoma polepole, na ukimaliza unarudia bila kuombwa." Akainamia simu. "Na wewe, hilo la 'wa mwisho' litoe. Mimi nataka wajukuu."

Jumamosi Telesphor alifika na pikipiki, umande haujakauka, kashikilia dumu la asali mapajani. Mzee akamkabidhi kibuyu. Ng'ombe akampiga teke la kwanza, akampiga la pili, la tatu akamhurumia. Mama yake Nyanzala alishindwa kuangalia, akaingia ndani kucheka. Nyanzala alibaki, kamshika ndama kwa kamba, machozi na kicheko havijulikani kipi ni kipi.

Jioni simulizi ikatoka. Kichwa cha habari: Mfalme wa Luhanda. Mzee akakaa vizuri kwenye kigoda chake.

"'Binti wa mfugaji alishika kamba ya ndama,'" Nyanzala alisoma, polepole. "'Mfalme akachuchumaa, akakamua, akakamua. Yakapatikana maziwa ya kikombe kimoja. Wakanywa wawili.'"

"Hapo sawa," mzee akasema. "Endelea."