Anayemeza Nyuma ya Nyumba

Kila asubuhi mtungi wa Nnalongo Nantume, mama wa pacha, ulikuwa nusu. Jioni aliujaza, akaufunika kwa sahani na kuweka kikombe juu yake. Asubuhi sahani na kikombe vilikuwa palepale, vikavu.

"Babirye, nani kamaliza maji?"

"Si mimi, mama. Muulize Nakato."

"Muongo huyo!" Nakato akaruka. Pacha hao wa miaka sita hawakuwahi kukubaliana juu ya lolote.

Baba yao, Ssalongo Bbosa, alicheka akasema mtungi una ufa. Nyumba yao ilikuwa mpya, pembeni mwa Kampala, juu ya kinamasi. Alifyeka mafunjo akapanda magimbi, kisha akamwaga kifusi na kujenga. Wengine tukamfuata, nyumba arobaini. Kila mtu alijua chemchemi ya pale ina mwenyewe, musambwa, mzimu wa maji, ndiyo maana hatukuthubutu kuchovya humo sufuria yenye masizi. Wala Bbosa hakudharau mila. Alimpelekea kuku mweupe na buni, akapiga magoti, akaomba ruhusa kwa adabu zote, ndipo akafyeka. Alidhani yameisha.

Halafu ikaja sauti. Mchana kweupe, nyuma ya jiko, mtu alimeza. Gudu. Kimya. Gudu. Nnalongo alizunguka nyumba akakuta mfereji tu, ule unaoshusha damu ya machinjio na uchafu wa vyoo vya mlimani. Zamani uchafu wote huo uliishia kwenye mafunjo, na upande wa pili tulichota maji safi. Sasa ulifika chemchemini kama ulivyotoka mjini. Watoto wetu waliharisha nyumba hadi nyumba, na bado hatukujiuliza ni nani aliyekuwa akitusafishia.

Siku moja sakafu ilitoa jasho, nyumba ikanuka matope, na sauti ile ikamezea chumbani, Nnalongo akaifuata kitandani asimkute Babirye, akaifuata mlangoni, akaifuata hadi mferejini, na hapo akamwona mwanawe amelala kifudifudi, mdomo umezama kwenye maji meusi, koo likipanda na kushuka polepole kama la ng'ombe, bila kupumua, bila kukoma.

"Babirye! Toa mdomo humo!"

Mtoto akainua uso. "Bibi wa chemchemi hawezi tena, mama. Baba kafyeka mafunjo, kamkata midomo yote. Lazima mtu anywe."

Mganga, mzee Kiggundu, alikuja na kiko chake. Alilaza sikio sakafuni, akasikiliza, kisha akaanza kukusanya vitu vyake.

"Mbona unaondoka, Jjajja?" Bbosa alinong'ona.

"Mimi hufukuza aliyeingia nyumbani kwa watu. Huyu yuko kwake, Ssalongo. Aliyeingia ni wewe."

"Nitabomoa! Nitarudisha mafunjo!"

"Na nyumba za wenzako arobaini, utazibomoa pia?"

Bbosa alikuja kwetu mlango kwa mlango, analia. Tulimpa pole. Hakuna aliyetoa hata tofali moja.

Walimfunga Babirye kitandani kwa kitambaa cha gome. Alimeza humohumo, kinywa kitupu, na tumbo likavimba. Chemchemi ikaanza kung'aa. Tulikwenda na madumu tukishangilia.

"Nnalongo, maji yamekuwa matamu!"

"Msichote!" alipiga kelele kutoka dirishani. "Jamani, mnamnywa mwanangu!"

Tulisikia. Mimi nilisikia vizuri kabisa. Lakini wanangu walikuwa wameacha kuharisha, nikajaza dumu langu.

Ijumaa Babirye aliruka. Kwetu pacha hasemwi kufa. Tulipotoka kumzika, chemchemi ilikuwa imerudi nyeusi. Wanawake walisimama na madumu matupu, wameigeukia nyumba ya Bbosa.

Nnalongo alikuwa barazani, amempakata Nakato, kiganja chake kikiziba mdomo wa mtoto.

"Usinywe chochote, mwanangu. Umesikia? Usinywe."

Nakato aliitikia kwa kichwa, ameelewa. Kisha Nnalongo akahisi koo la mtoto likipanda chini ya mkono wake, likashuka. Gudu.

Chemchemini, mwanamke mmoja aliinama akachungulia.

"Yanaanza kutakata," alisema, akafungua dumu lake.