Likizo ya Mama na Karai la Mzee Pelkey

Kila asubuhi Joelle Thibault alipoingia jikoni alimkuta mama yake ameshakaa mbele ya kompyuta, vipokea sauti vimeziba masikio, kikombe cha kahawa kimepoa pembeni. Joelle alipaka siagi ya karanga kwenye mkate, akafunga begi lake, akambusu mama shavuni. Mama alimwinulia kidole, maana yake subiri kidogo, niko mkutanoni. Kidogo hicho hakikuwahi kuisha kabla basi la shule halijafika. Ndivyo walivyoishi wawili hao katika nyumba yao ya kupanga huko Somerville, jirani na Boston.

Mama, jina lake Yvette, alitengeneza programu za kompyuta katika kampuni iliyosifika kwa jambo moja: likizo haikuwa na idadi. Siku alipoajiriwa alirudi nyumbani anacheka peke yake, akamweleza Joelle kwamba atapumzika siku anazotaka na mshahara utabaki palepale. Haikuwa porojo. Joelle alipovunjika mkono akiwa darasa la tatu, mama alikaa naye nyumbani mpaka plasta ikatolewa, wala hakuna aliyemuuliza lolote. Lakini tangu mkono ule upone, mama hakuwahi kupumzika hata wiki moja nzima. Likizo ilikuwapo, ila kuila hakuila.

Lililomuuma Joelle zaidi lilikuwa safari ya kwa babu. Babu Armand aliishi peke yake kwenye milima ya Vermont, katikati ya msitu wa mepo, ile miti ambayo maji yake huchemshwa hadi yawe mazito na matamu kama asali. Maji hayo hutoka mwishoni mwa baridi, usiku barafu inapoganda na mchana inapoyeyuka, na hakuna binadamu anayejua mapema yataanza lini. Yakianza, mtu huacha yote akawasha moto, kwa sababu hayakai. Yasipochemshwa mapema huchacha. Kila Machi babu alipiga simu kusema yameanza, na kila Machi mama alijibu, "Wiki ijayo, baba." Wiki ijayo ilifika na wiki ijayo yake, mpaka miti ikachipua na msimu ukapita. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililoumia lilikuwa la babu.

Mwaka huo babu alisema jambo jipya kwenye simu. Magoti yamechoka, akaeleza, na huu ndio msimu wake wa mwisho. Kiangazi kikija atafunga banda lake la kuchemshia. Joelle aliyasikia hayo akiwa mlangoni, simu ikiwa kwenye spika, na usiku mzima roho haikumtulia.

Kesho yake shuleni alimweleza rafiki yake Imogen. Baba yake Imogen alikuwa dereva wa mabasi ya mji. Yeye likizo yake ilihesabiwa, na asipoimaliza kabla ya mwaka kwisha inapotea, kwa hiyo aliimaliza yote, hata kama ni kukaa tu ziwani na ndoano isiyokamata samaki.

"Sasa mama yako anazo nyingi kuliko baba," Imogen akasema. "Mbona haendi?"

Joelle alilipeleka swali nyumbani. Mama alivua vile vipokea sauti, jambo la nadra.

"Zingekuwa siku kumi, ningejua kumi ni zangu, nichukue niondoke," alisema. "Hizi hazina idadi, basi hakuna anayejua zake ni ngapi. Kila mtu anamtazama mwenzake. Bosi wetu Halloran hapumziki, na sisi hatupumziki. Mwenzetu Darren alikwenda kutembea mwezi mzima na mkewe. Aliporudi kazi yake ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine."

Jioni ileile simu ya babu ikaja: maji yameanza kutoka. Mama alimjibu taratibu, kwa huruma, lakini jibu lilikuwa lilelile la wiki ijayo. Joelle alipandwa na hasira. Akajiambia kwamba mama hahitaji ila sababu. Akipewa sababu ataondoka.

Asubuhi, mama alipotoka kuoga, Joelle alikuwa amesimama katikati ya jikoni.

"Babu amepiga simu," akasema. "Ameanguka bandani, mguu unamuuma. Anasema uje."

Alidhani mama atashtuka kidogo kisha afurahi kupata njia. Hakufikiria uso wa mama utakavyokuwa. Ulibadilika hata midomo ikapauka. Mama alipiga simu ya babu, ikalia na kulia bila kupokewa. Simu ya babu ilikuwa ya mezani, ndani ya nyumba, na saa hizo babu alishakuwa bandani kwenye moto wake. Joelle alilijua hilo. Mama naye alilijua, lakini mwenye hofu hakumbuki anachokijua. Aliwaandikia wenzake kazini kwamba baba yake ameumia, na kabla hawajajibu gari lilikuwa barabarani. Likizo aliyoshindwa kuichukua miaka yote aliipata kwa dakika moja.

Njiani mama alimpigia jirani wa babu, Mzee Pelkey, ambaye naye huchemsha maji ya mepo, akamwomba aende akamtazame. Pelkey hakuuliza mengi. Alisema anakwenda sasa hivi, akakata. Baada ya hapo waliingia milimani, na mtandao ukapotea.

Mama aliendesha akifuta machozi kwa mkono wa koti. Mara mbili alipitiliza njia waliyoizoea ikabidi wageuze. Joelle aliona aibu. Akajikaza.

"Mama," akaanza.

"Najua, mwanangu," mama akasema, akamshika mkono. "Hata mimi naogopa."

Maneno yakamrudi Joelle mdomoni. Pale ndipo uongo wake ulipomwelemea, maana sasa alikuwa anafarijiwa kwa kilio alichokisababisha mwenyewe.

Walipofika, mvuke mweupe ulikuwa ukipanda kutoka banda la babu, kama kila msimu. Lakini upande wa pili wa uwanja wa theluji, kwenye banda la Pelkey, ulitoka moshi mweusi wenye harufu ya sukari iliyoungua. Babu Armand alikuwa amesimama nje kwa miguu yake miwili, mzima kabisa. Kando yake alisimama Mzee Pelkey, kofia mkononi, na mbele yao juu ya theluji lilikuwa limelala karai kubwa la kuchemshia, kitako chake kimepinda na kutoboka.

Mama alimkumbatia baba yake akamshika mabega, akimwangalia juu na chini. Babu akauliza habari hizo za kuanguka zimetoka wapi. Mzee Pelkey alieleza kwa sauti ya kawaida. Alipopata simu alikuwa ndiyo kwanza ameshindilia kuni. Aliacha kila kitu, akavuka theluji na nyonga yake mbovu, akamkuta Armand anapiga mluzi. Kurudi kwake, maji yalikuwa yamekauka na karai limeungua. Lilikuwa karai la baba yake.

Mama akageuka polepole, na Joelle akajua hapana pa kukimbilia.

"Babu hakupiga simu," akasema. "Nilidanganya. Nilitaka mama aje." Kisha akalia, na hakuna aliyemwambia pole, maana mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Mama hakumgombeza. Ingekuwa nafuu kama angemgombeza. Alikwenda akakaa ndani ya gari peke yake kwa muda mrefu. Alipotoka aliingia nyumbani kwa babu, akainua ile simu ya mezani, akampigia Halloran. Joelle alikuwa mlangoni, akamsikia akisema kwamba baba yake hakuumia, kwamba taarifa aliyotuma haikuwa kweli, na kwamba anaomba radhi.

"Ningeweza kurudi leo," mama akaendelea. "Lakini naomba likizo. Ya kweli. Mpaka maji ya miti yaishe."

Halloran hakufurahi. Programu mpya ilikuwa inatoka wiki ileile, akasema kazi hiyo sasa ataisimamia Darren, na huenda isirudi mikononi mwa Yvette. Mama alifumba macho. Ile kazi aliijenga yeye. Akajibu kwamba ameelewa, akaiweka simu chini.

Kazi iliyowangoja ilikuwa nzito. Mapipa ya Pelkey yalijaa maji ambayo hayakuwa na karai, na yangechacha. Babu akasema yaletwe kwake, yachemshwe kwa zamu, yake na ya jirani, moto usizimwe. Joelle alibeba kuni mpaka viganja vikatoka malengelenge. Hakuambiwa apumzike, wala hakuomba. Mama alisimama kwenye karai akiondoa povu kwa kijiko kirefu, nywele zimelowa mvuke. Babu alimtazama bintiye, akaanza tena kupiga mluzi.

Siku moja mchana mama alimketisha Joelle juu ya rundo la kuni.

"Ulinidanganya mara moja, likaungua karai la mtu," alisema. "Mimi nimekudanganya wewe na babu kila Machi. Nilisema wiki ijayo nikijua siji. Ningekwambia ukweli, kwamba naogopa, labda usingefika huko. Lakini uongo wako ni wako, na wangu ni wangu. Kila mtu abebe wake." Akaongeza kwamba likizo isiyo na idadi ni kitu kizuri kwa mtu mwenye ujasiri wa kuihesabu mwenyewe; asiyethubutu, kazi humhesabia, nayo humhesabia sifuri. Tangu sasa, siku ya maji kuanza ni siku yake ya kuondoka, na Halloran ameshaandikiwa hivyo.

Msimu ulipokwisha, babu alifanya uamuzi. Alilitoa karai lake likapelekwa kwa Pelkey, kwa sharti kwamba mwakani watachemsha pamoja, yeye amekaa kwenye kiti na vijana wakibeba. Banda la Armand lilifungwa, lakini moto wake ulihama tu.

Siku ya kuondoka Joelle alivuka uwanja peke yake kwenda kumuaga Mzee Pelkey. Alimwomba msamaha tena, kisha akauliza lile lililokuwa likimsumbua siku zote: mama akimpigia tena kusema babu ameanguka, atakwenda?

Mzee Pelkey alifikiri huku akifuta karai.

"Nitakwenda," akasema. "Ila safari hii nitasimama kwanza nijiulize kama ni kweli. Na mtu aliyeanguka kweli kwenye theluji, mjukuu wangu, hana muda wa kungoja nijiulize. Ile imani ya kwenda bila kujiuliza ndiyo uliyoiunguza. Karai tumepata jingine."

Joelle alirudi garini taratibu. Mama alimuuliza ameambiwa nini, naye akamweleza yote, neno kwa neno, bila kuacha hata moja.