Kahawa ya Anyesi Haitemwi

"Mama, inuka twende nyumbani."

Anyesi hakuinuka. Alikata kipande kingine cha keki, akakitia mdomoni, akatafuna taratibu huku mwanawe Melkizedeki amemsimamia kama askari wa barabarani.

"Kwanza msalimu mzee."

"Shikamoo," alisema Melkizedeki, macho yakiwa ukutani.

"Marahaba, kijana," alijibu Elirehema. "Vuta kiti. Keki ya hapa kavu, lakini inalika."

Ilikuwa mwaka 2002, na mgahawa huo wa karibu na Mnara wa Saa ulikuwa wa tisa. Anyesi alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, Mmeru wa Akheri. Elirehema alikuwa Mchaga wa Machame, mgane, aliyeonja kahawa za mnada wa Moshi miaka thelathini mpaka alipopunguzwa kazi. Kila Jumamosi walizunguka Arusha wakitafuta mahali penye kahawa ya kweli na keki ya kweli. Mji ulikuwa umefunguka, kila mwezi mgahawa mpya. Lakini penye keki laini kahawa ilikuwa ya unga wa kopo, na penye kahawa nzuri keki ilifaa kuezekea banda.

Katika migahawa yote tisa Elirehema hakuwahi kumaliza kikombe. Alivuta kijiko kimoja kwa mlio mkali, akazungusha kahawa mdomoni, akaitema kwenye kikopo chake cha bati, akatikisa kichwa. Wahudumu walimwogopa kuliko mkaguzi wa afya.

Melkizedeki alimpa mama yake simu. Kulikuwa na ujumbe wa baba yake mdogo, Sumari:

"Mwambie mama yako kesho baada ya ibada ukoo unakaa. Amwache huyo mzee, au aache nyumba na shamba la kaka yangu."

Anyesi alisoma mara mbili.

"Mjibu kwamba tutawapokea. Waje na njaa."

"Mama! Watu wanasema huyu anataka mibuni ya baba."

Elirehema alicheka. "Mibuni yenu nimeiona. Ningetaka shamba, ningetafuta lililopogolewa."

"Na wewe kesho uje," Anyesi alimwambia.

"Nije kama mgeni?"

"Uje kama mshtakiwa."

Jumapili Sumari alifika na wazee wawili wa ukoo, suti za ibada bado mwilini. Anyesi alikuwa ameoka keki kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu, ikatoka imeumuka vizuri. Kisha akafanya jambo ambalo halikuwahi kufanyika katika nyumba ile. Aliikaanga kahawa ya shambani kwake mwenyewe, akaitwanga, akaipika. Miaka yote kahawa yao ilikwenda ushirika, wao wakanywa chai.

Akamimina vikombe. Elirehema akachukua kijiko, akavuta, akazungusha. Halafu, mbele ya wote, akatema kwenye kikopo.

"Mmeona?" Sumari aliruka kutoka kitini. "Ametema! Kahawa ya marehemu, ndani ya nyumba ya marehemu!"

Anyesi alikitazama kikopo. "Elirehema, umetema kahawa yangu?"

"Nisamehe. Mdomo umezoea. Pale kazini tulionja vikombe mia kwa siku. Ukimeza vyote, moyo unatoka mbio."

"Na hii ikoje?"

"Niseme kweli?"

"Lini uliwahi kunificha?"

"Umeiunguza upande mmoja. Lakini chini ya huo moshi kuna kahawa ambayo hatukuipata popote mjini."

"Mwongo!" alisema Sumari. "Anasifia ili apate shamba!"

Anyesi aliweka birika chini. "Shemeji, umelima kahawa miaka arobaini. Ina ladha gani?"

"Maswali gani hayo?"

"Nakuuliza mbele ya wazee. Ina ladha gani?"

"Sisi... tunapeleka ushirika."

"Hujawahi kuionja."

"Mimi nakunywa chai, kila mtu anajua!"

Mzee mmoja alikohoa kuficha kicheko.

"Basi unamkasirikia mtu kwa kutema kitu ambacho wewe hujawahi kukitia mdomoni. Tangu kaka yako azikwe, nani amepalilia mibuni ile? Nani amechuma? Mikono yangu hii. Siondoki, shemeji. Na simwachi mtu. Mkinipeleka baraza la kata, nitakuja na birika hili, niulize kila mwenye suti ladha ya jasho langu."

Anyesi akamgeukia Elirehema, na sauti haikupungua.

"Na wewe! Hapa si mnadani. Jumamosi tisa unaonja, unatikisa kichwa, unapanda gari kwenda kwenu. Mimi si sampuli. Meza, au rudi Machame moja kwa moja."

Elirehema aliweka kijiko chini. Akainua kikombe, akanywa mpaka tone la mwisho, machozi yakamlengalenga.

"Imeungua kweli," alisema. Akamsogezea kile kikopo cha bati. "Kitupe. Nitaimeza kila asubuhi, ukinikubali. Tufunge ndoa kanisani, mbele ya hawa hawa."

"Nimekubali," alisema Anyesi. "Mmesikia wote?"

Sumari alikaa polepole. Akavuta kikombe, akaonja, akakunja uso.

"Chungu."

"Kula na keki."

Akala. Akanywa tena. Safari hii hakukunja uso.

"Hii inatoka wapi?"

"Kwenye shamba unalotaka niliache."

Melkizedeki aliangua kicheko, akaomba kipande cha pili.

Walifunga ndoa Agosti, na keki aliioka bibi harusi mwenyewe. Septemba wakaweka meza mbili barazani kwao, birika moja, na keki ya sufuria kila Jumamosi. Wiki ya kwanza simu ya Anyesi ililia. Ujumbe wa Sumari:

"Shemeji, kesho nakuja na wenzangu wanne wa ushirika. Hawajawahi kuionja."

Anyesi alimwonyesha mumewe, kisha akajibu:

"Karibuni. Ila waambie, hapa watu wanameza."